Kijiji cha Mlimani Nilichokipindua

Wakati ule nilikuwa sikai pahala. Katika miaka miwili nilihama vyumba vitatu, vyote Saltley, mtaa wa Birmingham, na kila nikihama najiambia hiki ndicho, halafu mwezi haujesha naanza tena kusoma matangazo ya vyumba kwenye vioo vya maduka ya Alum Rock Road. Mwisho nilirudi kwa mama mdogo, aliyenipokea nilipokuja kutoka Pemba, naye akaniambia nina upupu wa miguu. Ilikuwa kweli. Hata kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kukimbiakimbia: kutunza wazee majumbani mwao. Nyumba moja unapewa saa moja, umwoshe mtu, umvishe, umpe dawa na chai, kisha mbio kituoni kuwahi basi la kwenda kwa mwingine.

Ndivyo nilivyofika kwa mzee wa Moseley. Alikuwa Mhispania, kapita miaka themanini, mjane, anaishi peke yake katika nyumba kubwa ya matofali mekundu. Alikuja Birmingham kijana akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Alioa hapa, na hapa hapa akamzika mkewe. Mikono yake ilitetemeka hata kikombe hakikai. Kichwa kilikuwa kizima, ama ndivyo nilivyoona mimi. Binti yake, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji, hakuwa na hakika. Mara mbili alimkuta baba yake ameacha jiko linawaka na hakuna sufuria juu yake. Baada ya mwaka mpya afisa wa ustawi wa jamii angekuja kumhoji, na kikionekana kichwa hakikai sawa, angehamishiwa nyumba ya wazee. Mzee alijua yote hayo.

"Humu natoka nimebebwa," aliniambia wiki ya kwanza, huku namfunga vifungo vya shati.

Siku moja akanipa daftari jipya, akaniomba nimwandikie. Alitaka kuandika kijiji chake chote, kilivyokaa na kilivyoanza, ili yule afisa akija amwekee mezani. Mtu anayekumbuka kila mfereji na kila paa, akasema, nani atathubutu kumwambia hana akili? Nilimwambia kampuni hairuhusu. Akaniwekea kalamu juu ya daftari. Kesho yake nilikuja nusu saa kabla ya zamu, na tangu hapo ikawa desturi.

Alianza na maji. Mimi nilitaka aanze na watu, lakini hakukubali. Kijiji chao, alisema, kimeng'ang'ania ubavuni mwa mlima mrefu wenye theluji, na mvua kule ni ya kubahatisha. Basi theluji ikianza kuyeyuka, wanaume wanapanda na majembe, wanayakinga maji katika mifereji iliyochimbwa zamani, wanayapeleka mahali wanapopajua wao, wanayaacha yazame ardhini. Wiki nyingi baadaye, wakati wa kiangazi, maji yale yale yanachimbuka chini kwenye chemchemi za kijiji. Nilisimamisha kalamu nikamuuliza wanajuaje kwamba ni yale yale. Alikasirika. "Wewe ukiweka fedha mfuko wa kushoto, unajuaje kwamba umeitoa mfuko wa kushoto?"

Nikaandika. Niliandika zamu za maji, maana kila ukoo ulikuwa na saa zake za kufungulia shambani, na aliyezidisha aligombana na kijiji kizima. Niliandika nyumba zenye mapaa ya bapa yaliyoshindiliwa udongo wa kijivu, zilizopandana hivi kwamba paa la nyumba ya chini ndilo ua wa nyumba ya juu, na kuku wa jirani wanaparura juu ya kichwa chako umelala. Nilicheka, naye akacheka, na mikono yake kama ilitulia kidogo.

Kisha akaja kwenye watu. Wa kwanza kuchimba mifereji ile, alisema, walikuwa "watu wenu". Nilimwambia watu wetu walikuwa wakipanda karafuu, hatujui theluji. Akasema hapana, Waislamu, na kwake yeye hiyo ilitosha. Wao ndio waliopanda miforosadi wakafuga viwavi wa hariri. Mwishowe waliposhindwa vita walibatizwa kwa nguvu, wakaasi, wakafukuzwa wote, na mfalme akaleta wakulima kutoka nchi ya kaskazini yenye mvua. Wageni hao walifika wakakuta mifereji mikavu, hawajui ifunguliwe wapi. Ikabidi koo mbili tatu za wale wa zamani ziachwe zisifukuzwe, ziwaonyeshe wageni njia za maji. Baba yake alikuwa akisema wao ni wa moja ya koo hizo.

"Walioachwa," alisema, "ni waliojua."

Niliyapenda mambo yale kuliko nilivyotaka kukiri. Kwenye basi nilikuwa nikipanda ule mlima badala ya kutazama dirishani. Mimi ambaye sijapata kukaa chumba kimoja mwaka mzima nilikuwa naweza kukuonyesha njia kutoka kinu cha unga hadi makaburini, pahala nisipopajua hata kwa picha. Na bado nilikuwa situlii. Baadhi ya siku nilikuwa namkatiza, namhimiza amalize, nina basi la kuwahi. Nikikumbuka haraka zile naona haya.

Mwezi wa kwanza ulipoanza alitaka ramani, iwe ukurasa wa mwisho. Yeye hawezi kuchora kwa mikono ile, kwa hiyo alisema, mimi nikachora.

"Anza na kanisa. Lilikuwa msikiti wenu. Ule ukuta wenye kishubaka bado upo."

Alimaanisha mihrabu, kile kishubaka anachosimama imamu kuelekea kibla. Nikaanza hapo. Nilichora jengo, nikaweka kishubaka juu ya karatasi, mkono ukaenda wenyewe. Mengine yote aliyapima kwa ukuta ule. Ukisimama umekielekea kishubaka, mbele yako, nyuma ya ukuta, ni korongo, na ng'ambo ya korongo, siku ya uwazi, unaiona bahari. Mgongoni ni mlima na theluji. Makaburi yako kushoto kwako, kinu kulia. Nilipomaliza nikafanya kama tulivyofundishwa skuli: pale juu nikatia mshale, nikaandika kaskazini. Upande wa kulia, juu ya kinu, nikachora kijua kidogo chenye miale, kuonyesha linakochomoza. Ikanipendeza. Nikampa atazame. Aliishika akaitazama.

"Ndivyo," alisema.

Afisa alikuja mwisho wa mwezi, mwanamama mpole mwenye mkoba mkubwa, pamoja na yule binti. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza supu, mlango wazi, kila neno nalisikia. Mzee alijibu tarehe, mwezi, jina la waziri mkuu, akaongeza na la kumtania huyo waziri mkuu. Afisa akacheka. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu mzee akalitoa daftari.

Binti alilifungua kwa furaha ya kweli, ilisikika sautini. Alikuwa amepelekwa kule utotoni, likizo mbili, na alianza kumsomea afisa habari za kuku na mapaa. Kisha akaacha kusoma. Alikuwa amefika kwenye ramani.

"Baba, bahari iko kaskazini?"

Mzee alilivuta daftari kwake.

"Na jua? Mimi nakumbuka bibi alikuwa akiniamsha kulitazama likitoka makaburini. Hapa linatoka upande wa kinu. Lilikuwa likitoka kinuni, baba?"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee alikuwa ameliinamia daftari, kidole juu ya kile kijua changu.

"Kinuni," alisema. "Imeandikwa."

Afisa aliandika kitu. Binti akamshika baba yake bega, na nilivyomwona uso nilijua kwamba mambo yamekwisha.

Sikuwaza kwamba kosa ni langu. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba kweli mzee amechanganyikiwa, na mimi nimedanganywa na mtu ninayempenda. Nilikasirika mpaka nilipolala.

Kesho yake nilifika mapema mno, gizani, alfajiri sijaisali. Mzee alikuwa amelala bado. Alikuwa ameniruhusu siku nyingi chumba cha nyuma kinachotazama bustani, na kipupwe chote nilisali pale, mbingu ikiwa ya wingu zito kila siku, huoni kukicha wala kuchwa. Siku ile hapakuwa na wingu. Nikatoa salamu, nikageuza uso kulia, kushoto, nikarudi mbele, na mbele yangu, juu ya uzio, palikuwa pamepambazuka pekundu.

Nikabaki nimekaa pale pale kwenye mkeka. Kwetu Pemba ukielekea kibla unaelekea kaskazini, moja kwa moja, na alfajiri inakukuta bega la kulia. Ndivyo nilivyosali tangu nina miaka saba. Hapa Birmingham nilielekea nilikoonyeshwa na mama mdogo, bila kuuliza ni wapi. Sasa nikaona. Kwa mtu wa Ulaya Maka iko upande wa macheo, na kwa wale waliojenga kule mlimani ukuta wa kishubaka ulitazama kusini na macheo. Mimi nilikuwa nimechukua msikiti wao nikauelekeza kama uko Wete, kwetu Pemba.

Nilikimbilia daftari, nikaipindua ramani juu chini. Korongo na bahari vikaja kusini. Jua likatoka makaburini. Kila alichosema mzee kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mshale wangu na kijua changu, basi.

Jioni nilimwambia mama mdogo. Alikuwa anakaanga sambusa, hakugeuka.

"Sasa weye unataka nini, mwanangu?"

"Nimwambie binti yake."

"Umwambie ulikuwa unaandika vitabu on duty, unasali kwa client? Wataku-sack hao, na reference hupati. Nyamaza. Wazee wote huishia huko huko."

"Mama mdogo, ataondoshwa nyumbani kwake kwa sababu yangu."

Hapo ndipo alipogeuka. "Tangu lini weye ukajali mtu kubaki kwake? Si weye unayehama kila mwezi?"

Iliniuma kwa sababu hakuwa amekosea. Lakini kesho yake nilimpigia simu binti wa mzee. Nilieleza vibaya, nikirudia, nikichanganya kibla na kaskazini, nikijua kila neno linaniondoa kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alilia, kisha akasema atamwomba afisa aje tena, na kwamba kampuni haina haja ya kujua.

Nilivyofurahi! Nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla, nikatembea kwa haraka, siwezi kukaa. Mzee alikuwa kitini karibu na dirisha. Nikamwekea daftari mapajani, nikaigeuza ramani.

"Tazama mzee. Kosa ni langu mimi. Kwetu kibla ni kaskazini, nikakipindua kijiji chako chote. Wewe ulisema sawa."

Alifuata mfereji kwa kidole, kutoka mlimani, kupita makaburini, hadi chini. "Sasa ni sawa," alisema.

"Afisa atarudi. Binti yako amekwisha kumwomba."

"Mwambie asimsumbue."

Nilidhani hakunielewa, nikaanza kueleza upya. Alininyamazisha kwa mkono.

"Uliponiletea nilitazama nikasema ndivyo. Mbele ya wale nikasema jua lilitoka kinuni. Mimi niliishi kule miaka kumi na minane. Kila asubuhi naliona linatoka juu ya kaburi la babu yangu. Nikaona umeandika vingine, nikaamini ulichoandika."

"Mtu yeyote angeamini!" Nilimpigia kelele, mzee wa watu. "Kitu kimeandikwa, una haraka, watu wanakukodolea macho, mtu yeyote angekubali!"

"Mtu yeyote, ndiyo," alisema. "Si mtu wa pale."

Nilimbembeleza wiki nzima. Binti naye alimbembeleza. Afisa alirudi, na mzee akakataa kujibu hata tarehe. Mwezi wa tatu akahama kwa miguu yake, mimi nimebeba mkoba wa dawa, na nyumba ya Moseley ikawekwa kibao cha kuuzwa.

Sikukaa sana na kampuni ile baada ya hapo. Niliondoka mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, nikaenda kazi nyingine na chumba kingine, safari hii Lozells. Mzee nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili nilimkuta mezani anasaidiwa kula na msichana aliyekuwa mgeni kazini pale, mchangamfu, anayetaka kujua habari za kila mtu. Alikuwa amependa jinsi mzee anavyotamka Kiingereza.

"Kwani babu, kwenu ni wapi?" alimuuliza.

Mzee akaweka kijiko chini, akanigeukia mimi, akangoja nimwambie.