Zabibu Nyekundu, Mvinyo Mweupe

Juzi mchana, katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny, nilishuhudia kesi iliyosikilizwa bila hakimu. Mteja wa meza ya jirani aligonga chupa ya mvinyo kwa ukucha, akamwita mhudumu, dada Mkenya aliyekuwa bado katika miezi ya majaribio ya kazi.

"Karatasi ya chupa inasema zabibu nyekundu. Hii ndani iko nyeupe. Nyinyi imeongeza maji! Ita meneja."

Meneja alifika akiwa ameshakunja uso, na aliyemtazama ni dada, si chupa.

"Nipe nafasi ya kujitetea, bosi," dada akasema. Alichukua zabibu moja nyeusi kutoka sahani ya matunda ya mteja, akaimenya taratibu, akaiminya juu ya kisosi. Maji yaliyotoka hayakuwa na wekundu wowote.

"Rangi iko kwa ganda, mzee. Wakitoa maganda mapema, mvinyo unakuwa mweupe."

Mteja alichovya kidole katika kisosi, akauonja ushahidi, akafikiri.

"Malesh, binti yangu," akaomba radhi kwa Kiarabu. "Mimina."

Meneja akaukunjua uso na kuondoka, bila kumwomba dada radhi.

Nakiri kwamba mteja alikuwa na hoja, ila aliielekeza pabaya. Zabibu iliyoitwa nyekundu ilikuwa nyeusi, na mvinyo ulioitwa mweupe ulikuwa wa manjano. Kati ya karatasi, chupa na mhudumu, msema kweli alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshtakiwa.