Mtetemo wa Njia ya Mwamapalala

Mwezi uliopita nilibadilisha mwenyewe tairodi za gari langu, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele, uani kwangu Nyalikungu, mume wangu akinisomea maelekezo kwenye simu. Tulipomaliza tulijipongeza kwa soda. Kesho yake nikashika njia ya Bariadi, na spidi ilipogusa themanini stering ikaanza kutetemeka mikononi mwangu. Ungeniona ungecheka. Niliegesha kando ya shamba la pamba, nikashuka mbio na spana ya magurudumu, nikaanza kujaribu nati moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekaza. Jioni fundi akaniambia ni tairi tu linataka balansi, na alipolibalansi mtetemo ukaisha. Mimi ndiye sijatulia. Tangu siku ile kila nikiwasha gari naiona barabara nyingine, ya vumbi, na baba akiwa ameinama mbele ya stering kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Baba alikuwa bwana mifugo. Tuliishi pembeni mwa mji wa Bariadi, mahali ambapo ng'ombe walipita na kengele zao kabla hatujamaliza uji, na mvua zikishaisha ua wote ulinuka viazi vitamu. Mama alimenya, mimi nikakata vipande vyembamba, tukavianika viwe michembe. Mikono yangu ilishika weusi wa utomvu usiotoka hata kwa majivu. Mikono ya baba nayo ilikuwa na weusi wake, wa grisi, kwa sababu mwaka ule pikapu yake kuukuu ilianza kugonga mbele, ko, ko, ko, kila ilipoingia shimoni.

Fundi alikuwepo, tena jirani, ng'ambo tu ya barabara. Lakini ndama wa fundi alikuwa amekufa baada ya baba kumchoma sindano, na fundi akasema maneno dukani mbele za watu. Tangu hapo hawakusalimiana, na kwetu Usukumani watu wasiosalimiana wamefika mbali. Kwa hiyo baba alinunua vifaa, akaliinua gari juu ya magogo, akaegemeza magurudumu ya mbele kwenye ua wa minyaa, akafungua kila kitu mwenyewe. Ilimchukua wiki mbili. Aliporudisha magurudumu, kugonga kuliisha kabisa. Badala yake, gari likifika sitini, lilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu.

Hapo ndipo amani ilipotoka nyumbani. Kila akirudi kutoka kazini baba alifungua, akafunga, akaenda kulijaribu, akarudi amenuna. Alikula amesimama, jicho liko kwenye gari. Mama alipomuuliza kama ameshapumzika, alijibu kwa ukali, kisha akaomba radhi, kisha akajibu kwa ukali tena. Mimi nikajifunza kupita nyuma ya nyumba. Na siku zilikuwa zinatubana: madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitalini kwa siku chache tu, na bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi kijijini Mwamapalala na macho yamefunikwa na ukungu mweupe, alikuwa ameandikishwa Alhamisi. Pikipiki alishaikataa, ilikuwa imemwangusha mara moja, ikatosha.

Jumatano jioni baba alifungua gurudumu la kushoto kwa mara ya nne. Mimi nilikuwa nakata viazi. Nilimwona akilirudisha, akizungusha nati kwa vidole, na wakati huohuo akaja mtu kumwita: ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa. Baba alishusha jeki, akanawa, akachukua begi lake, akaondoka. Spana ilibaki kwenye nyasi. Niliitazama spana ile. Aliporudi, amechoka, ana damu mpaka kwenye viwiko, hakuikumbuka. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikamwona anavyotembea, nikaendelea kukata viazi.

Asubuhi tulikwenda Mwamapalala sote watatu. Baba aliendesha polepole, na kwa kuwa gari lilikuwa limezoeleka kutetemeka, hakuna aliyeshtuka. Kurudi, bibi aliwekwa katikati, mama pembeni yake, mimi nikapanda nyuma juu ya gunia. Nakumbuka nilivyofurahi, maana watu walikuwa wakitupungia. Mchungaji alipunga fimbo, nami nikampungia. Wanawake waliokuwa wakivuna pamba wakanyanyua mikono na kupiga kelele, nami nikasimama kabisa, nikapunga kwa mikono miwili. Nilidhani wanamtambua baba. Kumbe walikuwa wanaliona gurudumu.

Mbele kidogo mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya maji alituona tunakuja. Akaiachia ndoo ikamwagika, akaingia katikati ya barabara, akatandaza mikono. Hakutusalimia.

"Simama! Gurudumu lako linachomoka!"

Baba alikanyaga breki. Gari likayumba, likainama kushoto, likasimama hatua chache kutoka kwa yule mwanamke. Tuliposhuka, nati mbili hazikuwepo, tatu zilikuwa zinaning'inia, na ya sita niliweza kuizungusha mimi mwenyewe kwa kidole kimoja. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kuingia korongoni.

Baba aliketi chini, kwenye vumbi, na nguo zake za kazi.

"Sikukaza," alisema. "Jana sikukaza."

"Nilikuona, baba," nikasema, nikaanza kulia.

Akageuka. "Uliniona? Kwa nini hukuniambia?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini kabisa. "Nani angekuambia kitu, wiki hii?"

Bibi alishuka akipapasa mlango, akauliza kwa Kisukuma kuna nini. Alipoambiwa, akanyoosha mkono hewani kumtafuta yule mwanamke, akaushika mkono wake. "Wabeja," alimshukuru, akimwita mwanawe. "Wabeja sana, ng'wanawane." Kisha akamwagiza mama ampe ndoo yetu tuliyokuja nayo, kwa kuwa ile ya kwake ilikuwa imepasuka.

Baba alitoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine, akakaza zote kwa kuikanyaga spana kwa mguu. Tulifika hospitalini jua limeshapinda, bibi akawa wa mwisho kwenye foleni, lakini alipokelewa, akafanyiwa upasuaji wa macho. Bandeji ilipofunguliwa kesho yake alimtazama baba muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Tulicheka mpaka wagonjwa wengine wakacheka.

Jioni ya siku hiyo ya bandeji baba alivuka barabara kwenda kwa fundi. Sijui walisemezana nini kuhusu ndama. Niliona tu wamesimama muda mrefu, kila mmoja akitazama viatu vyake. Halafu fundi akaja na taa ya mkononi. Hakugusa tairodi wala chochote alichofunga baba. Aliuliza tu magurudumu yalikaa wapi wakati gari liko juu ya magogo. Akayatoa, akayageuza, akagonga kwa patasi ndani ya rimu. Likadondoka bonge la tope jeusi la mbugani, gumu kama tofali. Magurudumu yalipoegemezwa uani, tope la safari ya mvua lilitelemka upande mmoja likakaukia hapo, likayapotezea magurudumu balansi. Baba alikuwa ameliona kila siku. Lakini kwetu tope halikuwa kitu cha kuonwa. Lilikuwa kila mahali. Walipoyaosha magurudumu, gari likaenda limetulia kama limelala.

Baba alibadilika tangu hapo, si sana, ila kwa jambo moja. Kabla ya safari yoyote alisimama mlangoni akauliza, "Kuna aliyeona kitu?" na hakuondoka mpaka kila mtu amejibu, hata mdogo wangu aliyezaliwa baadaye, ambaye siku moja aliripoti kwamba ameona kenge.

Pikapu iliuzwa kama vyuma chakavu. Bibi alisuka mikeka kwa macho yake mapya miaka kadhaa, akatutoka. Karakana ya fundi sasa ni duka la simu, barabara imewekwa lami, na watu wanapitana vioo vikiwa vimepandishwa. Na baba hayupo. Nami asubuhi nikifunga mlango, mume wangu ameshatoka, nyumba nzima iko kimya, hakuna anayesimama kuniuliza nimeona nini.