Kikao cha Uchuro cha Bi Mwanvua

Bi Mwanvua alikuwa muosha maiti wa Ujiji kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanamke akifariki mtaani kwetu, kabla hata turubai halijafungwa, mtu alikuwa ameshatumwa kumwita. Alikuja na kanga zake mbili kuukuu, akafunga mlango, na alipotoka hakusimulia alichokiona. Tulimheshimu, ingawa wapo waliokwepa kupeana naye mkono asubuhi.

Mwaka 1996 vita vilipowaka ng'ambo ya ziwa, boti zilishusha watu Kibirizi, katikati ya wauza dagaa. Wengi walipelekwa kambini. Asia, mwanamke wa Baraka upande wa Kongo, hakuwa na nguvu ya kupanda lori. Mwanvua alimkuta ameegemea magunia, akamchukua nyumbani kwake. Mumewe Mwinshehe, fundi wa mitumbwi, alimfagilia mgeni chumba cha uani na hakuuliza atakaa siku ngapi.

Asia alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitalini walimpima, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu, basi. Mwenyewe alielewa.

"Da Mwanvua," alisema siku moja, "miye nakufa. Nataka nikuambie mambo yangu."

"Usijichurie! Utapona, utarudi kwenu."

"Nikifa, kuna mtu wa kumtafuta..."

"Asia, kula kwanza. Uji unapoa."

Alijaribu tena mara mbili. Mara ya mwisho Mwanvua alipomkatiza, Asia aligeukia ukutani, na tangu hapo akawa anaongea habari za mvua tu. Alifariki mwezi wa Mfunguo Mosi.

Mwanvua alimwosha, akamkafini. Alikuwa anamalizia kufunga sanda Mwinshehe alipobisha hodi. "Shehe anauliza jina la mama yake. La kumwitia kwenye talkini."

Mwanvua akawatazama wanawake waliokuwa wakimsaidia. Hakuna aliyejua. Miezi minne alikuwa amemlisha mtu huyu kwa mkono wake, na hakujua mama yake ni nani. Kaburini akaitwa Asia binti Hawa, kama wanavyoitwa wasiojulikana mama zao.

Haikupita miezi miwili akaja kijana mwembamba, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi Ashraf. Nimeambiwa dada yangu Asia yuko kwako."

Mwanvua alimkaribisha ndani, akampa maji, ndipo akamwambia. Ashraf akasema alikuwa kambini Lugufu muda wote huo, yeye na mama yao, Bi Faida. Lugufu si mbali. Mtu hutoka asubuhi akafika siku hiyohiyo.

"Alisema nini, mama? Hakututaja?"

Angeweza kumdanganya. Hakumdanganya. "Alitaka kusema, mwanangu. Mimi nilimkataza. Niliona ni uchuro."

Ashraf hakumlaumu. Aliomba aonyeshwe kaburi, akasimama pale hadi adhana ya alasiri. Wakati wa kuaga alimpa Mwanvua mkono na kumshukuru kwa kumsitiri dada yake. Shukrani hiyo ilimuuma kuliko matusi. Kwa siku nyingi alipika chakula akasahau kupakua.

Ndipo akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Alhamisi baada ya alasiri, njooni barazani kwangu tuzungumze kifo." Watu walidhani huzuni imemzidi. Alhamisi ya kwanza alikuja mtu mmoja tu, Regina, Mkristo wa Mwamgongo aliyehamia mjini. Mumewe Telesphory alizama ziwani na mwili haukuonekana.

"Miaka minne," Regina alisema, "kila nikimtaja, watu wananiambia nyamaza, Mungu yupo. Mungu yupo, najua. Lakini mimi nataka kumtaja."

Akamtaja mpaka jua likatua. Mwanvua alisikiliza tu.

Taratibu wakaongezeka. Mtaani kikaitwa kikao cha uchuro, na wapo waume waliowakataza wake zao, mpaka shehe aliposema kuusia ni sunna, waacheni. Huko mtu alisema nani aarifiwe, azikwe wapi, nani alee wanawe. Agnesi, mkimbizi wa Burundi, alieleza alivyomwacha mama yake kando ya njia bila kumzika. Regina alisogea tu mkekani, akakaa karibu naye.

Mwaka 1999 Mwinshehe akaugua. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Mwanvua akafunga kikao, na kila aliyekuja kujulia hali alimjibu, "Anaendelea vizuri." Wiki ya tano Mwinshehe akamwita Regina.

"Shemeji, nisaidie. Kila nikitaka kusema, mwenzangu ananiletea uji."

Regina akamshika Mwanvua mkono, akamketisha kitandani. "Shemeji, sema. Tunakusikia wote wawili."

"Nataka uniogeshe wewe, Mwanvua. Sheria inaruhusu. Sitaki mikono mingine."

Mwanvua alilia kwa sauti, yeye ambaye hatukuwahi kumsikia akilia. Kisha akasema, "Nitafanya." Siku tisa zilizobaki walizungumza: mtumbwi ambao haujaisha, watoto wawili waliowazika wachanga, na jinsi Mwinshehe alivyoogopa posa yake isikataliwe.

Alipofariki, Mwanvua alifunga mlango akatimiza ahadi, binti yao Fatu akimletea maji.

Alikuwa katika eda, hawezi kutoka, kwa hiyo wanawake wakakileta kikao ndani kwake. Alhamisi mbili hakufungua mdomo. Ya tatu, Agnesi alimwuliza kwa upole, "Mama, wewe je?"

"Nilimrudisha Fatu na maji mara mbili," Mwanvua alisema. "Nilimwambia ni ya baridi, akayachemshe tena. Maiti hasikii baridi. Nimeosha watu mimi, najua. Lakini nilimrudisha."

Fatu, aliyekuwa mlangoni, aliingia, akakaa miguuni pa mama yake.