Nilimpa Kocha Mtoto wa Watu, Sasa Anamtaka na Mdogo Wake

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za leo. Jina langu naomba libaki kwako, maana huku Brussels Wakongomani tunajuana wote na maneno hufika nyumbani kabla yako. Mimi ni kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Bukavu. Naishi Laeken kwa mama yangu mdogo na nasoma chuo. Nina hasira, kwa hiyo nikiandika vibaya mnivumilie.

Nachezea timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Msicheke. Mimi ni receveur, yaani yule anayetimua mbio ili adake mpira unaorushwa kutoka mbali. Msimu ulipoanza nafasi hiyo ilikuwa haina watu. Wengine walimaliza masomo, mmoja alikwenda kusoma Uhispania, mwingine alipata mchumba akanenepa. Tukabaki mimi na Mbelgiji mmoja wa Kifleming ambaye mvua ikinyesha tu anaumwa kichwa, na huku mvua haina msimu. Kocha alisimama mlangoni mwa kantini akigawa vikaratasi vya kuita wachezaji wapya, watu wakavipokea vizuri na kuvitupa mbele kidogo. Ndipo akaniuliza kama kanisani kwetu hakuna vijana wenye mbio, hata wasiosoma chuoni.

Wapo. Kanisa letu liko Ixelles, nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre, na aliyekuwa na mbio kuliko wote ni Elie. Huku kijana wa miaka 21 kama yeye anatia sahihi mwenyewe na mambo yameisha. Kwetu huchukui mtoto wa watu hivi hivi. Nilikwenda kwa mama yake, Maman Elie, mjane anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, nikakaa sebuleni kwake nikaeleza yote.

"Ule muchezo wa kugongana?" akaniuliza. "Bon. Mi simujue ule kocha, mi ninakujua weye. Donc ni weye njo ninakupatia mutoto."

"Sawa, maman. Nitamuangalia."

Elie aliupenda mchezo, na haukupita muda akanipita mimi niliyemfundisha. Naapa sikuona wivu. Shida ni kwamba nyuma yetu hapakuwa na mtu wa akiba. Timu nyingine zilibadilisha wachezaji, sisi tulikimbia mwanzo hadi mwisho. Siku moja ugenini Elie alianza kuchechemea kabla hata ya mapumziko. Akainua mkono aombe kutoka. Kocha akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa saa: "Utoke aingie nani?" Elie akarudi uwanjani. Mpira uliofuata tu wakamwangukia wawili, goti likakunjika upande usio wake. Nilimsikia akimwita mama yake.

Alifanyiwa upasuaji. Daktari amesema kutembea atatembea, mbio asahau.

Sasa kwetu mtu akiumia mikononi mwako, unakwenda kukaa na familia yake. Si lazima useme mengi, kaa tu, kula, waonekane hawako peke yao. Nikamweleza kocha, akasema, "Mais oui, nitapita Jumapili." Na mimi mjinga nikapeleka habari. Miaka yote niliyoishi huku sijajifunza kwamba hapa mtu akisema atapita, anataka tu mazungumzo yaishe.

Maman Elie akapika fufu, pondu, yaani kisamvu, na samaki, na chipsi za frites pembeni kwa ajili ya mzungu. Akamwita kaka wa marehemu mumewe kutoka Liège, akaja na suti yake, akae kama mkubwa wa familia. Elie akawekwa kwenye kochi, mguu juu ya mito. Tukasubiri mpaka samaki akapoa. Tonton huyo wa Liège akaniuliza, "Alors, ule muntu iko njiani ao?" Nikatoka kwenye korido kumpigia, hakupokea. Ikaja meseji: samahani, wikendi imejaa. Na chini yake: "Receveurs hatuna kabisa. Elie si ana mdogo wake?"

Nikarudi ndani nikasema kocha anaumwa. Maman Elie akasema, "Pole yake," akamfungia chakula kwenye karatasi ya alumini nimpelekee. Nilikitupa kwenye pipa la kituo cha basi, nikalia mbele za watu.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe kocha amemtafuta Caleb, mdogo wake Elie mwenye miaka 19, huko Facebook, na Caleb ametia sahihi bila kumwambia mtu nyumbani. Nikamfuata nikamgombeza.

"Grand, Elie alikosa bahati tu," akaniambia, grand ndiyo kaka mkubwa. "Na weye si ungali unachezaka? Mbona weye hauachi?"

Nikiacha, Caleb atakimbia peke yake bila mtu wa kumpumzisha, na najua atakachoambiwa akiinua mkono. Nikibaki, ni kama nimembariki. Na ameapa kwamba nikimsema kwa mama yake atahama nyumba, amwache mama na mgonjwa.

Jana Maman Elie alinipigia mwenyewe. "Caleb ananiambia samedi mutakuwa pamoja. Mi sikumuuliza ni wapi. Kama iko na weye, mi niko na amani." Akaniita jina, akaita tena, akadhani simu imekatika, akakata.

Jumamosi ni keshokutwa na sijampigia. Nishaurini jamani: nimvunje moyo leo kwa mdomo wangu mwenyewe, au nikakimbie pembeni ya mwanawe nikiomba lisitokee tena? Wa kunitukana nitukaneni, ila mnijibu.