Baba Watoto, Ingia Ule

Mimi si mtu wa huruma, naomba lijulikane mapema. Nashona viatu kwenye kona ya bustani ya jiji, pale lango kuu linapotazamana na benki, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwomba Mungu awaondoe wale watu wanaolala humo ndani. Wananuka, wanagombana, wanaanika nguo zao kwenye sanamu ya yule mheshimiwa ambaye hakuna anayemkumbuka, na mteja mwenye kiatu cha maana akiwaona anavuka barabara. Kwa hiyo siku Bi Mwiko alipoingia mara ya kwanza akisukuma mkokoteni wake, sufuria juu, ndoo za maji pembeni, nilimwambia palepale kwamba akiwalisha hawa hawatatoka tena. Akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara zangu, akaniuliza kama mimi nikishiba nyumbani kwangu huwa nahama.

Nilinywea. Ndivyo alivyokuwa yule mama. Alikuwa mpishi wa hospitali mpaka alipostaafu, amezoea wagonjwa wasiotaka kula na madaktari wanaotaka kuonja bure, na ulimi wake haukumwogopa mtu. Jina la Bi Mwiko alipewa na watu wa bustani wenyewe, kwa sababu aliyesukumana kwenye foleni alichapwa mwiko kiganjani, hata awe na mvi kichwa kizima. Unanawa kwanza. Unasema asante. Mlevi anakula mwisho. Siku nyingi ilikuwa wali na maharage, na siku alizopata nyama harufu ilinifuata mpaka kwenye kigoda changu, nami najifanya sina habari. Alikuwa ananiletea sahani bila kunitazama, anasema amekosa mbwa wa kumpa. Nilikula, tena nililamba vidole.

Nilidhani ni wale wanaotafuta pepo kwa sufuria. Kumbe wapi! Ilinichukua muda kutambua kwamba katika umati ule wote alikuwa anamlisha mtu mmoja tu, na wengine walikuwa kisingizio.

Huyo mmoja tulimwita Dereva. Mwanamume mrefu, mkimya, asiyejibanza chini ya paa na wenzake hata mvua ikimwagika. Yeye ni katikati ya nyasi, peupe, amejifunika nailoni. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni siku zote. Ananyoosha bakuli, Bi Mwiko anapakua bila kumtazama usoni, anaondoka. Salamu hakuna. Lakini mkono wa yule mama ulikuwa unasema. Kwa wengine mwiko ulichota juu, kwa huyu ulizama mpaka chini, kwenye uzito. Siku moja nikamtania kwamba naona Dereva ana nyota kali. Akanijibu, huku anasugua sufuria, kwamba yule ni mume wake.

Nilitamani ardhi inimeze. Akanisimulia kavukavu, kama anasoma bei za sokoni. Mumewe alikuwa anaendesha basi la shule. Breki zikakatika kwenye mteremko, basi likaingia mtoni. Yeye alitolewa dirishani, watoto wengi hawakutolewa. Mahakama ikamwachia huru, mwenye basi ndiye aliyetiwa hatiani, na wazazi wengine hata walikuja kumpa mkono. Haikusaidia kitu. Tangu hapo hakuweza kupanda gari lolote, wala kukaa ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Alianza kulala barazani, kutoka barazani akahamia uani, na kutoka uani akaondoka kabisa. Mkewe alipomkuta bustanini akamsihi arudi. Akajibiwa kwamba siku atakayomfuata tena kama mke, atahama mji na hatamwona maisha. Mabinti zao wawili, wameolewa vizuri tu, wakamwambia mama yao aachane naye, anawatia aibu kwa wakwe. Yeye akaenda kununua sufuria kubwa. Kama mke alikatazwa kuja, kama mpishi hakukatazwa.

Zamani, aliniambia, mumewe alikuwa anaweka bakuli chini na kurudi nyuma mpaka yeye aondoke. Sasa ananyoosha mwenyewe. Alikuwa anampa muda, basi, na alikuwa na hakika atarudi nyumbani. Nikamwambia atarudi, inshallah, ingawa moyoni sikuamini hata kidogo.

Ukaja msimu wa wageni wakubwa. Hoteli zinazotazama bustani zikapakwa rangi, maua yakapandwa, hata sanamu ikaogeshwa. Askari wa jiji wakashuka na virungu kuwatimua watu. Lakini wale si wajinga. Wakiliona buti la kwanza wametawanyika, huyu mtaroni, huyu nyuma ya soko, yule kwenye jengo ambalo halijaisha. Askari wakienda kunywa chai, wote wamerudi. Kuona wameshindwa na watu, wakaigeukia sufuria. Wakamwaga chakula kwenye nyasi na sufuria wakaipeleka stoo ya jiji. Namkumbuka mzee mmoja akiokota wali punje kwa punje, na askari akimkanyagia vidole kwa mchezo, wenzake wanakufa kwa kicheko. Mkononi nilikuwa na kiatu cha mmoja wao. Nilikishona vibaya makusudi, nacho kilikuwa kisasi changu chote.

Bi Mwiko akafunga safari kwenda ofisi za jiji. Nilijua atampa mtu vidonge vyake kisha alale rumande. Nikashangaa anarudi uso unang'aa. Alikuwa amepokewa na mkuu wa askari mwenyewe, yule mwenye sauti laini tuliyembatiza Bwana Taratibu, maana hata akiamuru watu wapigwe anasema taratibu jamani. Alimvutia kiti, akamwagizia chai, akamwomba radhi kwa utovu wa adabu wa vijana wake, akaamuru arudishiwe sufuria, akamwambia mama kama yeye ni hazina ya jiji. Alimvisha kilemba cha ukoka, na yeye, mtu mjanja namna ile, akakivaa. Jiji halichukii chakula, Bwana Taratibu alisema, linachukia fujo. Awalishe, ila ndani ya uwanja wa watoto, ule wenye bembea zilizokatika, uzio wa chuma na lango moja. Wakae vitini, wale kwa pamoja kama binadamu. Viti na hema angetoa yeye.

La mwisho ndilo lililomwingia Bi Mwiko. Watakaokula kwa utaratibu huo, aliahidiwa, hawatasumbuliwa tena na askari. Kila mumewe alipofukuzwa alikuwa anakimbilia mbali zaidi, na hofu yake ilikuwa kwamba siku moja atakimbia moja kwa moja. Nani asingekubali? Hata mimi, mwenye kumdhania kila mtu mabaya, nilisema Bwana Taratibu ana utu.

Siku yenyewe hema lilikuwa tayari, viti vyeupe vya plastiki, hata pipa la maji lenye bomba. Askari hakuonekana hata mmoja. Bi Mwiko alipika wali na nyama, akavaa aproni yake ya hospitalini iliyopigwa pasi ikanyooka. Watu walisita. Kocha, mzee mwenye filimbi shingoni ambaye wenzake walimsikiliza, akauzunguka uzio huku ananusanusa, akauliza mbona lango ni moja. Bi Mwiko akamwambia kama anaogopa viti akae chini. Wakacheka, wakaanza kuingia. Na mimi, niliyewachukia miaka yote ile, nikawaona wanajipangusa suruali kabla ya kukaa, nikaona haya.

Dereva akabaki nje. Alisimama mbali na lango, bakuli mikononi, anautazama uzio. Bi Mwiko angeweza kumpelekea chakula palepale. Nimeliwaza sana hilo, na najua yeye analiwaza zaidi yangu. Lakini waliokula ndani ndio walioahidiwa amani, na alitaka mumewe awe miongoni mwao. Akaweka mwiko chini, akaenda mpaka langoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja bustanini akamwita kama alivyokuwa akimwita nyumbani.

"Baba watoto, ingia ule. Lango halifungwi. Mimi nipo."

Nilingoja Dereva akimbie, hakukimbia. Alimtazama mkewe usoni kwa muda mrefu, kisha akaingia kwa hatua fupifupi kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akakaa kiti cha jirani na lango. Bi Mwiko akarudi kwenye sufuria anajifuta macho na aproni. Akaanza kupakua upande wa pili, ili mumewe awe wa mwisho, kwa sababu nyama ya chini alikuwa anamwekea yeye.

Hakumfikia. Malori mawili yalirudi kinyumenyume mpaka langoni, askari wakamwagika kutoka nyuma ya benki, wakalifunga. Yaliyofuata sitayatia chumvi, hayahitaji. Walipiga waliosimama na waliokaa. Vile viti vyeupe vilivunjikia migongoni mwa watu. Waliwarusha garini kama magunia, na wa kwanza alikuwa Dereva, maana alikuwa karibu. Alipoliona lori alipiga yowe ambalo sitaki kulisikia tena, akaikumbatia nguzo ya lango, wakamponda vidole kwa kirungu mpaka akaachia. Bi Mwiko alikuwa amemng'ang'ania kiunoni, anawaambia askari huyu hawezi gari, nichukueni mimi, huyu hawezi gari. Wakamsukuma akaangukia wali wake. Dereva hakupiga yowe tena. Alikuwa anamtazama mkewe tu, mpaka turubai liliposhushwa.

Ndipo Bwana Taratibu akatokea, akamwinua kwa mikono yake mwenyewe, akampangusa aproni.

"Ahsante sana, mama," akamwambia. "Bila wewe tungewakimbiza mwezi mzima."

Akawaamuru vijana wake wampakilie sufuria kwenye mkokoteni, taratibu jamani, isije ikabonyea. Kisha akavuka kuja kwangu, akaniwekea mguu kwenye kigoda, nimfute mchuzi kwenye kiatu. Nilimfuta.

Bi Mwiko alikwenda kumtafuta mumewe rumande, akaenda hospitali, akaenda mochwari. Ofisi za jiji zikamwambia hakuna operesheni yoyote iliyofanyika. Mabinti wakaja kumwambia pengine ndivyo Mungu alivyopanga, apumzike sasa. Akawafukuza wote wawili na vitenge vyao. Akarudi bustanini na sufuria, akakaa pale peupe mumewe alipokuwa analala.

Watu wakaanza kurudi, wawili leo, watatu kesho, kwa miguu iliyovimba. Walitupwa barabara kuu, mbali, porini kusiko na nyumba. Wanajua kuna wali, wanasikia harufu, wana njaa ya kufa, na wanapita kando. Mmoja alikuja karibu akatema mate ndani ya sufuria, akaenda zake. Bi Mwiko, ambaye zamani angemchapa mwiko wa kichwa, alikifunika chakula akaendelea kutazama lango. Alikuwa anamngoja mmoja tu.

Aliyekuja ni Kocha, bila filimbi, jicho moja limeziba. Alisimama mbele yake bila bakuli. Niliacha kazi nikasogea, maana niliogopa atampiga. Bi Mwiko akamwuliza kama mume wake yu hai.

Yu hai, Kocha akasema. Walitembea naye siku nzima ya kwanza. Njia nzima watu walikuwa wanamlaani Bi Mwiko, na Dereva ndiye aliyewanyamazisha.

"Alisema tusikutukane," Kocha akasema. "Alisema mke wangu amenibeba miaka yote hii, amechoka, na ana haki ya kuchoka. Angeniambia tu, alisema, ningeondoka mwenyewe. Tulipofika njia panda akatuaga, akashika njia ya upande wa pili."

Bi Mwiko alisimama. Akalikamata shati la Kocha kwa mikono yote miwili.

"Sijachoka," akasema. "Mimi sijachoka. Mwambie sijachoka."

Kocha akaibandua ile mikono, mmoja kisha wa pili. "Nitamwambia wapi, mama?" akasema, akaenda kukaa na wenzake.