Usingizi wa Mama Mchana

Kila ninapofungua ndizi zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba, harufu yake hunifanya nikae chini kwanza. Mama alilalia majani kama hayo.

Kwetu Mitunguu mwanamke akilala mchana aliitwa mvivu, na cucu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Kwa hiyo tukishakula githeri, jua likiwa kali hata kuku wanatweta, Mama alijificha katikati ya migomba akalala kidogo. Mimi niliachwa kando ya njia.

"Mtu akiniulizia, sema nimeenda mferejini kufungulia maji."

Alipoamka uso ulikuwa umelainika, na alilima huku akiimba mpaka giza likaingia.

Siku moja jua lilipoa na hakuamka. Nilimwacha. Alikuwa amekohoa usiku kucha, nikaona usingizi utamfaa. Nzi alitua mdomoni mwake, nikamfukuza, nikarudi njiani. Cucu akaja na fimbo yake.

"Mama yako ako wapi?"

"Ameenda mferejini, cucu."

Alinisukuma akapita. Kisha nikamsikia akimwita Mama kwa sauti ambayo hakuwahi kumwita nayo, akimsihi aitike tu, halafu alale atakavyo.

Watu walijaa nyumbani mpaka jioni. Kila aliyenishika kichwa kunipa pole nilimwambia hivyo hivyo: ameenda mferejini, anarudi sasa hivi.