Kiti cha Dereva kule Makere

Nianze na ukweli mtupu, maana mbele huko nitaongeza chumvi na sitaki mtu aseme hakuonywa: mwaka 2012 nilinunua landrova mbovu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, nimekaa dawati moja na vijana walioniita babu hata mbele ya mwalimu. Mtu anayefaulu hesabu akiwa na mvi haambiliki. Siku matokeo yalipotoka ningeweza kununua hata treni, mradi muuzaji anipongeze kwanza.

Muuzaji alinipongeza. Alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa Kibondo, mtu wa kanzu na kofia safi, ambaye baba yake alitoka pwani, na maneno yake yalikuwa matamu kama halua. Mimi nilitaka gari la kuchukulia maharage vijijini na kuyaleta Kasulu, na kwa tope letu la masika gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne ni pambo tu. Akanipeleka uani kwake.

"Tazama mwenyewe, msomi wangu," akasema. "Hii tangu niinunue haijapata kulala njiani hata siku moja."

Hakusema uongo. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu ainunue haikuwa imetoka pale uani.

Niliondoka Kibondo kama waziri. Nilipiga honi kwa kila mtu, na pasipo na watu nikawapigia mbuzi. Kwenye mashimo ambayo ng'ombe angeweza kuzama na ndama wake nilipita huku nikiimba. Nilipofika Makere, mbele ya gari pakaanza kulia kama mbuzi anatafuna kokoto, kisha ukatoka mlio mmoja mkubwa, na landrova ikasimama katikati ya barabara na kukataa katakata. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza ndizi akalizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni.

"Baba, hili umelinunua au umelirithi?"

"Nimelinunua, mama."

"Basi pole. Ungelirithi tungesema si kosa lako."

Fundi niliyemwita kutoka Kasulu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, aliingia chini ya gari akatoka na kiganja kimejaa vipande vya chuma. Difu ya mbele, ile gia ya kugawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa imesagika. Alisema kipuri cha gari la umri ule hakipo Kasulu, hakipo Kigoma, na mimi nikasema basi tukatafute kaburini. Yule muuza ndizi akanyoosha kidole. Nyuma ya kanisa, akasema, yupo mjane mwenye landrova kama hii. Imekufa miaka mingi, siku hizi wanakaa kuku.

Nilimkuta amekaa ndani yake. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya matofali ya kuchoma, halina magurudumu, limepandishwa juu ya mawe, na mmea wa maboga umetambaa hadi juu ya boneti. Kuku walikuwa wametaga kwenye injini, wametaga nyuma, wametaga kila mahali isipokuwa kwenye kitabu cha gari. Mama mwenyewe, mwanamke mrefu wa miaka kama sitini, alikaa kiti cha abiria, upande wa kushoto, ungo mapajani, akichagua maharage. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kimetandikwa kitenge kilichokunjwa vizuri. Kuku mmoja akajaribu kurukia pale. Mama akampiga kwa ukingo wa ungo bila hata kumtazama.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Ni wewe uliyeziba barabara?"

"Si mimi, mama, ni gari. Mimi niko tayari kuondoka tangu asubuhi."

Akacheka, na mimi nikiona mtu amecheka huwa sijui kunyamaza. Nikamweleza habari za difu, za maharage, za masomo yangu, za watoto wangu sita. Niliongeza watatu ili huruma itoshe. Nikamwambia ataje bei.

"Siuzi," akasema.

Akachagua maharage, akitupa yaliyotobolewa na wadudu.

"Lakini mwenye gari hili hakupata kumpita mtu aliyekwama. Hata awe anawahi nini. Nilikuwa nagombana naye, ugali unapoa, yeye yuko njiani anasukuma magari ya watu. Chukua hiyo difu. Huko chini mimi sikai." Kisha akaweka kiganja juu ya kile kitenge. "Ila kiti hiki usikiguse."

"Nikiguse cha nini, mama? Gari langu lina viti vya kutosha harusi."

Fundi akafungua difu kwa siku mbili, akaifunga kwenye gari langu, na nikafika Kasulu nikiwa hai. Lakini gari la zamani ni kama ukoo wa mke: ukitatua la huyu, linakuja la yule. Mwezi uliofuata ikafa rejeta. Baada yake taa, baada yake springi za nyuma. Kila nilipopita Makere kununua maharage nilikwenda kwa yule mama na fundi wangu nyuma, na kila mara nilimletea sukari, sabuni, na uongo mpya. Nilimwambia moshi wa gari langu ulionekana Buhigwe, wakadhani msitu unaungua, wakaja na ndoo.

"Wewe," aliniambia siku moja akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga, "kwa uongo huo hata Shetani ni mwanafunzi wako wa jioni."

Hivyo ndivyo gari la marehemu lilivyohamia kwangu kidogo kidogo, na mama akitoa kila kitu huku anacheka. Habari za mume wake nilizipata vipande vipande vilevile. Alikuwa dereva. Gari hilo alilinunua chakavu na kulifufua mwenyewe, akaliendesha miaka zaidi ya ishirini. Homa ilimuua ndani ya siku nne. Ndugu zake walikuja wakamchukua, wakamzika kwao, upande wa Buhigwe, mahali ambapo mama kwa miguu yake iliyovimba hafiki. Siku ya kuanua tanga wakagawana nguo.

"Mashati, suruali, koti la mvua," alisema akihesabu kwa vidole. "Mkanda. Viatu alivyokuwa navyo mguuni. Hili hawakulichukua, maana haliwaki."

Nilisema pole, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuongeza neno. Ningeendelea hivyo hivyo na ukimya, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Nilichokiona mimi kila nilipokwenda ni mama mtu mzima amekaa upande wa abiria, kwenye kiti kilichopasuka, wakati kiti kizuri kipana cha dereva kimefunikwa. Siku moja upepo ulikisukuma kile kitenge nikaona kwa nini: kitambaa kilikuwa kimechanika, springi mbili zimechomoza, katikati kuna bonde kama karai. Nikajijibu mwenyewe. Hakikaliki, ndiyo maana hakikalii. Kanikataza kukigusa kwa sababu anaogopa nitakichukua. Na mimi sikutaka kukichukua. Nilitaka kukitengeneza, na kutengeneza si kuchukua. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nimefaulu.

Nafasi ikaja mwaka 2013. Dada yake aliugua Kasulu, nikampakia mama kwenye landrova yangu, nikamfikisha, akakaa wiki nzima. Njiani alisikiliza sana mlio wa gari. Karibu na kilima kimoja akasema, "Hapo yeye hubadili gia," na kabla hajamaliza mkono wangu ulikuwa unabadili. Akageuka akatazama dirishani hadi tulipofika.

Nikarudi Makere peke yangu, nikafungua boliti nne, nikapeleka kiti kwa fundi wa makochi pale Kasulu. Akakichana, akakitazama, akapiga mluzi.

"Aliyekalia hapa alikuwa na mwili! Ona, bonde limelalia upande wa mlango. Huyu alikuwa anaendesha kiwiko kikiwa dirishani."

Nikacheka naye. Niliambiwa waziwazi, na nikacheka. Nikachagua ngozi ya plastiki nyekundu, nyekundu ya kutisha mbuzi, nikataka sponji mpya nene na springi zichomelewe. Kazi ilipokwisha kiti kile kingeweza kukaliwa na rais na akaomba kibakizwe ikulu.

Nilikifunga kabla ya kumrudisha. Nikamshika mkono, nikamzungusha nyuma ya nyumba, kiti nikiwa nimekifunika kwa kitenge chake kile kile. "Mama," nikasema, "kuanzia leo wewe si abiria tena. Wewe ndiye dereva." Nikavuta kitenge kama mtu anayezindua daraja.

Mama alisogea, akaweka kiganja katikati ya kiti, akabonyeza. Sponji ikashuka ikapanda. Akabonyeza upande wa mlango. Ikashuka, ikapanda. Akapitisha mkono pole pole kiti kizima, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kitandani. Mimi bado nilikuwa natabasamu.

"Mwanangu," akasema, "umemwinua."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Kila jioni nilikuwa nakaa hapa, naye amekaa hapo," akasema, bila ukali wowote. "Sikuwa namwona, usidhani nina wazimu. Lakini mahali pake palikuwa pamebonyea. Mtu akienda chooni, kiti kinabaki hivyo; unajua anarudi."

Nilirudi Kasulu siku ileile kwa mwendo ambao landrova ile haijapata kuuona tangu kiwandani. Nilitaka kitambaa cha zamani na ile sponji ya zamani, hata kama ni vumbi. Fundi wa makochi alikuwa amekiwashia moto kile kitambaa. Sponji alikuwa ameikatakata.

"Nimejazia mito. Si uliacha kama takataka?"

"Mito ipo wapi?"

"Nimeuza sokoni, kaka. Nitajua iko kwa nani?"

Naongeza chumvi nyingi, lakini hili si chumvi: wiki hiyo nilikaa kwenye makochi ya watu ambao sikuwafahamu, nikibonyeza mito yao kwa kiwiko, nikijifanya nimekuja kuulizia maharage. Sikujua hata ninachokitafuta. Vipande vya sponji havina sura.

Nikarudi Makere na fundi wangu na spana zote. Nikamwambia mama nitamrudishia kila kitu, difu, rejeta, taa, springi, nilifunge lile gari kama nilivyolikuta.

"Acha," akasema. "Chuma ni chuma. Yeye hakuwa kwenye difu."

Yule fundi asiyecheka ndiye aliyetoa wazo la gunia. Tukapakia gunia la maharage kwenye kile kiti chekundu, kilo mia, tukaliegemeza upande wa mlango, tukaliacha wiki mbili. Tulipoliondoa, bonde lilikuwepo. Tukasimama watatu tunaliangalia linavyopanda taratibu, hadi kiti kikawa sawa kama meza. Mama ndiye aliyetucheka. "Mnataka kuniozesha gunia?" akasema. Fundi akageuza uso. Nadhani siku ile ndiyo alicheka, au alilia, sikumtazama.

Baada ya hapo nikaanza kukikalia mimi. Kila nilipopita Makere nilizima gari langu barabarani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye usukani wa gari lisilo na magurudumu, kiwiko dirishani, nikanywa chai kwa muda mrefu kadiri nilivyoweza. Mama alikaa kushoto na ungo wake. Hakuniomba nikae, wala hakunikataza. Mwanzoni nilijaribu hadithi, za moshi na za ndoo. Alicheka kwa adabu.

"Wewe ni mwepesi," aliniambia mara moja, akikipima kiti kwa jicho nilipoinuka. "Yeye alikuwa na mwili."

Nikaenda kula. Kweli kabisa, mke wangu ni shahidi: mwaka mzima wa 2014 nilikula ugali wa watu wawili nikidai ni njaa ya biashara. Niliongezeka tumbo tu. Kiti hakikujua.

Nilikwenda mara ya mwisho mwaka 2015. Landrova yangu ilikuwa imechoka kupita dawa, nimepata mnunuzi wa vyuma, na nilitaka kumwambia mama mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, maana zaidi ya nusu ya gari lile ilikuwa ya kwake. Nilipozunguka nyuma ya nyumba sikumkuta ndani ya gari. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mgongo ukiwa upande wa gari, akichagua maharage. Nikamwambia. Akaitikia, "Ego, sawa," akaniulizia watoto wote sita.

"Ni watatu, mama," nikasema.

"Najua."

Nikaenda nikakae kidogo kama kawaida. Kitenge hakikuwepo. Juu ya ile ngozi nyekundu, katikati kabisa, alikuwa amelala kuku, amejitandaza, mabawa yamefunika mayai. Nikainua mkono kumfukuza.

"Mwache," mama akasema kutoka kule jikoni, bila kugeuka. "Anaatamia."